Alama za Vidole kwenye Mkono wa Sengi

Mwaka huu nimejikuta kwenye benchi moja na binamu yangu Masanja, katika korido ya kliniki hapa Bariadi, kila mmoja wetu ameshika bahasha ya dawa ya kuzuia damu kuganda. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, na sisemi kwamba nilikuwa nimemkumbuka. Mimi mguu wangu wa kushoto uliganda damu baada ya upasuaji. Yeye moyo wake unapiga ovyo, na daktari anaogopa bonge la damu lisije likapanda kichwani. Tulifungua bahasha tukalinganisha vidonge kama watoto wanavyolinganisha gololi. Vyangu ni vile vipya: asubuhi kimoja, jioni kimoja, hakuna anayekuita kila mara kupima damu, ukila mchicha usipokula ni shauri yako, ingawa ukishavinunua huna uwezo wa kula kitu kingine zaidi ya huo mchicha. Daktari aliniambia navyo vina ubaya wake, figo zikichoka vinakuwa hatari, na ukisahau kumeza siku moja tu kinga imeondoka. Vya Masanja ni warfarini, dawa ya zamani, ya bei rahisi, iliyookoa watu wengi kuliko hivi vyangu. Lakini warfarini haimwachi mtu peke yake. Inataka kujua umekula nini, umekunywa nini, umemeza kidonge gani kingine dukani, na ukiidanganya inakuumbua. "Bado unakula nsansa?" nilimuuliza, maana sote tumekulia kwenye hayo majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa. Akasema, "Kila siku. Kibakuli kilekile. Siongezi, sipunguzi." Kisha akaingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Nilijua kwa nini.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na sina kazi nyingine zaidi ya kuchota maji na kusikiliza maneno ya watu. Ulikuwa msimu wa pamba. Kinu cha kuchambulia pamba alikofanya kazi Baba kilinguruma kutwa, na nyuzi nyeupe zilipeperuka hadi mtaani kwetu, zikanasa kwenye nyavu za madirisha, kwenye kamba ya nguo, kwenye nywele za watu. Ukiamka alfajiri na kutazama dirisha ungedhani kuna kitu kimekuwa kikihemea pale usiku kucha. Ndipo Baba akamleta Sengi Milembe kutoka kijijini Lingeka. Sengi ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa dada yake mkubwa, mtu wa kuheshimiwa kuliko sote mle ndani. Mapema mwaka ule mguu wake ulivimba ghafla, ukawa wa moto na mzito. Mwanza walisema ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Wakamchoma sindano za tumboni kwanza, zile zinazofanya kazi upesi na hazijali chakula, kisha wakamhamishia kwenye warfarini na kumrudisha nyumbani. Alikwenda na kurudi kupimwa, wakipandisha kidonge kidogokidogo, mpaka wakasema sasa damu imekaa sawa. Baba akaona ni hatari kumwacha mbali na hospitali. Kwa hiyo akaja kwetu, na mke mwenzake, Minza, akaja naye kumuuguza.

Mume wao alikuwa amekufa zamani, na wale wanawake wawili walikuwa wamezeekea kwenye kaya moja, wakilima shamba moja na kugombana kwa sauti moja. Minza alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyepalilia pamba tangu utotoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miti ya pamba wanayopikia kule. Kwetu sihitaji kueleza zaidi. Macho mekundu ya bibi kizee yamesomwa vibaya mara nyingi katika nchi yetu, na kuna watu waliouawa kwa kusomwa huko. Masanja alikuwa mtoto wa Sengi, lakini Minza ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama yake yuko shambani, naye Masanja alimwita mama mdogo. Nayasema haya mapema ili uelewe uzito wa yaliyofuata, maana mimi mwenyewe wakati ule sikuuelewa.

Tuliwapa chumba cha nyuma, kile kinachopigwa na jua la jioni. Bati lake lilialika kwa joto, tak, tak, kama mtu anayetembea juu kwa uangalifu. Sengi alilala kwenye kitanda cha kamba, Minza kwenye mkeka pembeni. Na Mama akaanza kupika. Nimeona harusi ambazo hazikulishwa vile. Wali, nyama ya ng'ombe, maziwa ya mgando, ugali na samaki wa Mwanza, kuku kila ilipowezekana. Siku ya kwanza Minza alitoa kwenye kikapu chake mfuko wa nsansa waliokuja nao, akamwambia Mama kwa upole, "Mayu," yaani mama, "huyu amezoea hizi." Mama akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuuficha juu ya kabati. Jikoni aliniambia, "Wifi yangu aje mjini nimpe majani? Arudi Lingeka akaseme mke wa ndugu yake alimlisha kama ndama? Thubutu!" Mgonjwa haulizwi uji, na wifi haulizwi nyama. Hayo ndiyo maadili aliyolelewa nayo Mama, na mpaka leo siwezi kumlaumu. Dada wa mume ndiye anayekuhukumu, na sahani ndiyo kesi yenyewe. Kwa hiyo Sengi, ambaye tangu meno yake yaote hakuwahi kumaliza siku ya kiangazi bila majani yale, hakuyaona tena.

Alama ya kwanza niliiona mimi. Nilikuwa nampaka mafuta mikononi, dirisha limefunguliwa, jua la asubuhi linaingia. Kwenye mkono wa kulia, juu ya kiwiko, palikuwa na mistari minne ya zambarau iliyolala sambamba, na upande wa ndani doa moja nene, peke yake. "Sengi, umeumia wapi?" Akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijaumia," akasema. "Haiumi hata." Siku chache baadaye zikatokea nyingine, chini ya kwapa, mgongoni, kwenye paja. Hazikuja mtu akitazama. Jioni ngozi ilikuwa safi, asubuhi zipo. Zilizotangulia zikageuka kijani, kisha manjano, mpya zikaja juu yake nyeusi, mpaka mwili wa Sengi ukawa na mikono ya rangi zote, ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita, yote imemshika kwa pamoja. Asubuhi moja kwenye foronya palikuwa na damu iliyotoka kwenye fizi. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kiasi cha kutotaka kuingia mle ndani peke yangu, na nilikuwa msichana aliyesoma baiolojia miaka minne.

Kilichonitisha zaidi ni sauti. Kila alfajiri, kabla ya kinu kuanza, nilisikia kupitia ukutani mtu akinong'ona kwa Kisukuma, polepole, maneno yaleyale yakirudi na kurudi, kisha kitanda kinalia, kisha kimya. Siku moja nikajikaza, nikachungulia. Minza alikuwa amemwinamia Sengi, mikono yake mikubwa imemkamata juu ya viwiko, macho ameyafumba, midomo inacheza. Nikarudi kitandani nikajifunika gubigubi. Leo najua alikuwa akimwambia, "Inuka mayu, polepole, wabeja, inuka mayu," akimshukuru kwa kila alivyojikaza, kwa sababu mguu ulikuwa mzito na daktari wa Mwanza alikuwa ameagiza ageuzwe na kukalishwa asije akaganda tena. Nayajua maneno hayo kwa sababu niliyasikia baadaye mchana, kwa masikio yangu, nikamwona anayoyasema. Lakini kupitia ukutani, katika kiza kile cha alfajiri, hata sala ya Baba Yetu ingenisisimua.

Masanja alikuja kutoka Lingeka kumwona mama yake, akaona mkono, akaondoka bila kunywa chai. Aliporudi, safari hii kukaa nasi, alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa pakiti ya aspirini. Dukani walimwambia nayo inalainisha damu, akaona mama yake anapewa dawa kidogo, akaanza kumwongezea yeye mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote. Cha pili kilikuwa maneno ya nfumu, mganga wa kule kwao anayepasua kifaranga na kusoma ndani yake. Niliyasikia nikiwa naosha vyombo nje ya dirisha la sebule. "Amesema mkono unaomwinua ndio unaomwangusha," Masanja alimwambia Mama. "Hivyo tu. Sikumweleza chochote kuhusu alama." Mama akasema, "Masanja, mwanangu, angalia maneno hayo. Umeyasema wapi kwingine?" Akajibu, "Kijijini wanajua. Lisemwalo lipo, mayu. Kikulacho ki nguoni mwako." Nilisikia Mama akisema, "Yesu wangu," na kiti kikisogea.

Masanja alifanya jambo ambalo hadi leo, nikiwa nimekaa naye kwenye benchi, nilishindwa kulitaja. Mchana mweupe alimtoa mama yake uani, akamkalisha kivulini, akakunja mkono wa gauni lake. Alama mpya zilikuwa pale, mistari minne na doa moja. Akamwita Minza. "Mama mdogo, weka mkono wako hapa." Minza hakuelewa. Masanja mwenyewe akaushika mkono wake na kuulaza juu ya alama. Kidole cha shahada kwenye mstari, cha kati kwenye mstari, vyote vinne, na dole gumba likazama kwenye doa lake kama ufunguo kwenye kitasa. Ulikaa sawasawa. Nyuzi za pamba zilikuwa zinapita hewani. Sengi akasema, "Masanja, acha ujinga," lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Mimi nilikuwa namtazama Minza. Nilitarajia akane, alie, aape kwa wazazi wake. Hakufanya hata moja. Alikuwa anautazama mkono wake, na nikaona usoni kwake kwamba ameuamini.

Alasiri ile alinifuata kisimani. Alikuwa ameifunga mikono yote miwili ndani ya kitenge, kama mtu aliyeungua. "Ng'wanone," yaani mwanangu, akaniambia, "wanasema wapo wanaoroga usingizini wasijue. Wanatoka, mwili unabaki. Ukiniona nimelala na nimetoka, niamshe. Nipige hata na mchi." Nilimuuliza, "Nitajuaje kama umetoka?" Akafikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. "Sijui," akasema. "Na mimi hilo ndilo ninaloogopa." Hakumgusa Sengi tena tangu saa ile. Nikawa namwinua mimi na Mama, vibaya, na Sengi akilalamika kwamba tunambinya.

Kisha pua ya Sengi ikaanza kutoka damu wakati wa chakula cha mchana, na haikukoma. Wali ulikuwa mweupe kwenye sahani, kisha haukuwa mweupe. Masanja alimbeba mama yake kwapani na magotini, akakimbia naye hadi kwenye pikapu ya jirani, akamkumbatia njia nzima. Hospitalini alikuwepo daktari mmoja, mwanamke kijana kutoka Tanga, Mwanaidi, aliyekuwa akisema "tafadhali" mpaka kwa paka. Aliziba pua, akaagiza damu ichukuliwe, akasoma cheti cha Mwanza, kisha akamuuliza Mama, "Mama yangu, anakula nini huyu?" Mama akajinyoosha. "Nyama, daktari. Wali, maziwa, samaki. Hajakosa kitu." "Na mboga za majani, tafadhali?" Mama akaona ametukanwa. "Daktari, huyu ni dada wa mume wangu!" Mwanaidi hakucheka. "Na kule kwao alikuwa akila nini?" Minza ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, mikono yake bado imo kwenye kitenge. "Nsansa. Kila siku tangu tuko wasichana."

Alitueleza taratibu, na ninayakumbuka maelezo yake vizuri zaidi kuliko ya daktari wangu wa leo. Warfarini na majani yale, alisema, vinavutana kamba. Dawa inaizuia damu kuganda, majani yanaisaidia igande. Mwanza walipopandisha kidonge hadi pakakaa sawa, majani yalikuwa upande wa pili yakivuta. Sisi tukayaondoa majani, kidonge tukakiacha palepale, na kamba yote ikaenda upande mmoja. Ndipo Masanja akataja aspirini. Daktari akafumba macho kidogo. Aspirini ni dawa nzuri kwa kazi yake, akasema, kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa bonge la mguuni si badala ya warfarini, na ukizichanganya bila kuagizwa ni kama kufunga maksai wawili kwenye jembe, ukawachapa, halafu ukauachia mpini. Alisema huko nje kuna vidonge vipya visivyojali chakula, lakini kwetu havijafika. Masanja akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu fulani, "Na alama za vidole?" Mwanaidi akasema, "Damu yake ilivyo sasa, hata ukimshika kwa upendo anavilia. Nani alikuwa akimwinua?" Akasimamisha dawa zote mbili, akamchoma sindano ya vitamini, akamlaza.

Asubuhi tulikwenda wodini na uji. Muuguzi alikuwa anambadilisha Sengi nguo, na pazia halikufunga vizuri. Chini ya makwapa yake, na nyuma ya magoti, palikuwa na mikono mipya, myeusi, mikubwa kuliko yote iliyotangulia, vidole vimetanuka kama vya mtu anayekimbia na mzigo asitake uanguke. Masanja alisogea. Aliinua mkono wake wa kulia, akausimamisha hewani karibu na ngozi ya mama yake, bila kumgusa, akaulinganisha. Sikumwonea huruma. Niliona kitu kinamtoka usoni na hakijarudi mpaka leo. Akasema, "Lingeka." Akatoka akikimbia. Simu kule ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, na ilimpasa apande basi hadi Mwanhuzi, kisha akodi baiskeli. Alikuwa anakwenda kuwaambia watu kwamba amekosea.

Alirudi Sengi alipokuwa amesharuhusiwa. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, akamwambia Baba, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba kwa kila mtu. Nyumba ya Minza ilikuwa imechomwa, na ghala la mtama pamoja nayo. Vijana walikuwa wamemfuata yeye usiku, wakamkosa, kwa kuwa alikuwa kwetu akimuuguza mgonjwa. Masanja aliwaeleza habari za dawa na majani. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akamuuliza, "Kwa hiyo mganga alisema uongo kwamba ni mkono wake?" Masanja akasema hapana, mkono ulikuwa wake kweli. "Basi," yule akasema, na wakatawanyika.

Chumbani, Sengi alikuwa amekaa kitandani na bakuli la nsansa, zilizopikwa kwa karanga na Mama mwenyewe, ambaye alisimama kando, macho yamemvimba kwa kulia. Minza alikuwa mkekani, ametazama ukuta. Alikuwa amesikia kila neno. Sengi akaweka bakuli chini. "Minza, niinue." Minza hakugeuka. Mama akasogea, Sengi akamzuia kwa kiganja. Mimi nikasogea, akanizuia. "Nimesema Minza." Alikaa vile, mguu wake mzito ukining'inia, hadi jua la jioni likaingia na bati likaanza kualika, na nilimwona uchungu unampanda usoni. Mwishowe Minza akafungua kitenge. Akaiangalia mikono yake, akamwinamia, akamshika juu ya viwiko. Safari hii hakunong'ona. Alimshika kwa nguvu zote, kwa hasira, kama mtu anayeng'oa kisiki, na Sengi akaachia mwili wake wote kwenye mikono ile akainuka.

Kulipopambazuka nilikuta dirisha wazi na Minza amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amekunja mkono wa gauni la Sengi hadi begani, anaugeuzageuza mkono ule kwenye mwanga, anatafuta. Alama za zamani zilikuwa zimebaki manjano hafifu, zinaondoka. Mpya haikuwepo hata moja. Damu ilikuwa imerudi mahali pake. Sengi alimwacha atafute. Masanja alikuwa amesimama mlangoni. Minza akaupapasa mkono ule mara moja zaidi, akaukunjua ule mkono wa gauni, kisha akageuka, akamtazama kijana aliyemlea, akamuuliza kwa Kisukuma, bila ukali wowote:

"Sasa nani atakwenda Lingeka kuwaonyesha?"

Kinu kilianza kunguruma, na Mama akaita kutoka jikoni kwamba uji uko tayari.